Majibu matatu ya kubahatisha: uchambuzi wa kisa cha dai la bima ya gari lililoibwa

Jina la mteja, la kampuni ya bima, la benki na la mahali nimeyaondoa, pamoja na aina ya gari. Fedha nimezigeuza kuwa mizani: kiasi gari lilichokatiwa bima nakiita 100, na tarakimu nyingine zote za fedha zipimwe kwa hiyo. Siku nazihesabu tangu asubuhi gari lilipoonekana halipo. Mimi niliingia siku ya 12, nikiwa msaidizi wa mteja katika kuandaa dai, na baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu.

## Usuli

Mteja ni mama aliyeajiriwa, mwenye gari moja la familia. Gari lilikuwa na umri wa miaka sita, alilinunua likiwa limeshatumika, kwa mkopo wa benki ambao hadi siku bima ilipolipa ulikuwa umebaki 58. Alikuwa na bima kubwa, ile inayobeba ajali, moto na wizi, na huu ulikuwa mwaka wa tatu analipa ada kwa awamu bila kuchelewa. Hakuwahi kudai kitu.

Gari lenyewe ni la kuwashwa kwa kitufe. Ukiwa na rimoti mfukoni mlango unafunguka na injini inawaka, huhitaji kuchomeka ufunguo popote.

Alipolinunua alipewa rimoti mbili. Mwaka mmoja na nusu kabla ya wizi, moja ilipotea. Alimwita fundi wa funguo za magari, akatengenezewa nyingine, maisha yakaendelea. Kwa hiyo rimoti zilizowahi kuwapo ni tatu, na zilizokuwa mkononi ni mbili. Jambo hili dogo lilikuja kula wiki nzima za kisa hiki.

## Asubuhi ya wizi

Usiku ule alilala kwa dada yake. Gari aliliegesha nje ya geti, mahali alipokuwa ameegesha mara nyingi. Alfajiri halikuwapo. Hapakuwa na vipande vya kioo chini, hapakuwa na alama ya kuburutwa, na hakuna aliyesikia kitu.

Alifanya jambo zuri ambalo wengi hawalikumbuki: kabla ya kwenda polisi aliuliza kama gari limevutwa kwa kuegeshwa vibaya, na akapiga simu benki kuhakikisha halikuchukuliwa kwa sababu ya mkopo. Zote mbili zilijibiwa hapana. Baada ya saa tatu alikuwa kituo cha polisi, na mchana ule ule akaipigia kampuni ya bima.

Simu hiyo ilirekodiwa. Nilipokuja kusikiliza rekodi yake baadaye, nilimwonea huruma, kwa sababu unasikia kabisa mtu ambaye hajalala sawasawa na anataka kuonekana mwenye ushirikiano. Aliulizwa maswali matatu ya kawaida.

Gari lilikuwa limeegeshwa wapi? Akasema, "Nyumbani." Kwake yeye, kwa dada ni nyumbani.

Lilikuwa limetembea kilometa ngapi? "Kama elfu tisini hivi."

Funguo ziko ngapi? "Mbili, na zote ninazo."

Hakuna uongo hapo. Lakini hakuna jibu hata moja lililosimama lilipowekwa karibu na karatasi.

## Barua ya siku ya 9

Siku ya 4 alijaza fomu ya madai. Kwenye fomu aliandika anwani ya dada yake kama mahali pa wizi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kilometa aliacha wazi. Siku ya 9 ikaja barua: dai lake limepelekwa kwa mchunguzi. Aliombwa rimoti zote, hati za ununuzi, kadi ya usajili, stakabadhi za matengenezo, taarifa za akaunti ya benki za miezi sita, orodha ya simu alizopiga na kupigiwa, na afike kwa mahojiano yatakayorekodiwa.

Alichukulia barua hiyo kama tuhuma, na familia nzima ikaichukulia hivyo. Kuna aliyemshauri akatae kila kitu mpaka kampuni iombe radhi. Mwingine alimshauri jambo baya zaidi, kwamba habari ya rimoti iliyopotea isitajwe kabisa, kwani "watapata sababu ya kukataa kulipa".

Barua ya namna ile si tuhuma bado. Gari likigongwa, mtathmini analikagua, anapiga picha, anagusa bati lililokunjika. Gari likiibwa hakuna cha kukagua. Kilichobaki ni maelezo ya mwenye gari, na kwa hiyo maelezo ndiyo yanayokaguliwa. Mchunguzi huangalia kama fomu, simu ya kwanza, taarifa ya polisi na karatasi za gereji zinazungumza lugha moja. Huangalia pia kama mtu amezidiwa na mkopo, maana wapo wanaoyapoteza magari yao kwa makusudi ili bima iwalipie deni. Ndiyo sababu ya kuomba taarifa za benki.

## Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuzungumza kwa simu. Kila walipopiga, mteja alijibu kwa adabu kwamba anaomba swali liletwe kwa maandishi naye atajibu siku hiyo hiyo au kesho yake. Hakuna aliyekasirika. Tukafungua daftari: tarehe, saa, aliyezungumza, alichosema, alichoahidi.

Wa pili ulikuwa mgumu kuliko yote, nao ni kuandika barua ya masahihisho kabla ya mahojiano. Tuliyaorodhesha majibu yale matatu ya simu ya kwanza na kuandika ukweli pembeni mwa kila moja. "Nyumbani" ilimaanisha nyumba ya dada, kama fomu inavyosema. Kilometa alizikadiria bila kuangalia chochote. Stakabadhi ya sevisi ya miezi minne kabla inaonyesha 104,000. Rimoti zilizowahi kuwapo ni tatu, moja ilipotea, na hivi ndivyo alivyopata mbadala.

Familia ilipinga kipengele cha tatu kwa nguvu. Hoja yangu ilikuwa hii: fundi wa funguo anayo kumbukumbu, malipo yamo kwenye simu ya mteja, na mchunguzi ameomba rimoti zote. Jambo litajulikana. Likitoka kwetu leo ni sahihisho. Likitoka kwao wiki ijayo ni jambo lililofichwa, na kuficha kunaweza kuua dai zima, hata kama rimoti ile haikuhusika hata kidogo na wizi. Mteja alifikiri usiku mmoja, akasaini.

Halafu tukamtafuta fundi. Hapa palikuwa na heri ambayo hatukuitegemea. Fundi alikuwa na nakala ya ankara yake, na juu yake ameandika kazi mbili: kuingiza rimoti mpya, na kufuta iliyopotea kwenye kumbukumbu ya gari. Rimoti iliyofutwa haiwashi gari tena; imebaki plastiki na betri. Tulimwomba athibitishe hivyo kwa barua fupi yenye sahihi. Jambo ambalo familia ilitaka lizikwe likageuka kuwa karatasi bora kuliko zote kwenye faili.

Kuhusu orodha ya simu, hatukukataa wala hatukutoa yote. Mkataba unamtaka mwenye bima ashirikiane katika uchunguzi, lakini ushirikiano hauna maana ya kukabidhi maisha yake. Tuliandika kwamba tunatoa rekodi za saa 48, kuanzia mchana wa kabla ya wizi, na tukaomba watueleze sababu ikiwa wanahitaji zaidi. Hawakuomba tena.

La mwisho lilihusu benki. Mteja aliuliza, kwa nini aendelee kulipia gari ambalo halipo? Kwa sababu mkopo ni mkataba mwingine kabisa, na wizi haukuusimamisha. Mtu akiacha kulipa, riba na faini hukua juu ya deni, kisha hukatwa kwenye fidia yake mwenyewe. Na machoni pa mchunguzi, mwenye gari aliyeacha kulipa mkopo wiki ile ile gari lilipopotea ni picha isiyopendeza. Aliendelea kulipa benki na aliendelea kulipa awamu za bima.

## Mahojiano

Siku ya 19. Yalichukua muda wa saa moja na nusu. Nilimwambia mteja jambo moja tu la kushika: asilolijua aseme hajui. Alisema "sijui" mara saba, nilihesabu. Aliulizwa aliegesha saa ngapi, akajibu ilikuwa baada ya giza kuingia na kabla ya chakula cha usiku, saa kamili haijui. Aliulizwa mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi. Hajui.

Mchunguzi alirudi mara tatu kwenye swali moja: gari limewezaje kuondoka bila kioo kuvunjika? Swali lake ni la haki, lakini kwa magari ya rimoti halithibitishi kitu. Wezi hutumia vifaa viwili: mmoja anasimama karibu na nyumba na kudaka mawimbi ya rimoti iliyo ndani, mwingine anasimama kwenye mlango wa gari na kuyapokea. Gari linadhani rimoti iko hapo hapo. Linafunguka, linawaka, na likishawaka halizimi kwa sababu tu rimoti imeachwa nyuma. Mteja alieleza mahali rimoti ilipolala usiku ule: mezani, karibu na mlango wa mbele.

Rimoti zote mbili walizichukua kuzipima. Baadhi ya rimoti za magari ya kisasa huhifadhi taarifa, zikiwemo kilometa za mara ya mwisho zilipotumika. Ya mteja ilikuwa ya namna hiyo. Ilisoma 107,400. Ukilinganisha na 104,000 za sevisi miezi minne nyuma, inakaa pale pale panapotarajiwa. Lakini fikiria kama lile jibu la "elfu tisini" lingekuwa bado ndilo jibu letu. Mtu anayepunguza kilometa anaonekana anatafuta bei kubwa ya gari, na kuanzia hapo kila neno lake linapimwa upya.

## Herufi moja

Siku ya 24 kampuni ikaandika kwamba namba ya chesisi iliyo kwenye taarifa ya polisi hailingani na iliyo kwenye mkataba, hivyo hawawezi kuendelea.

Tulizilaza namba mbili moja chini ya nyingine, tukazisoma herufi kwa herufi. Tofauti ilikuwa moja: pale penye sifuri, polisi waliandika herufi O. Mfumo wa namba za chesisi zenye nafasi 17, unaotumiwa na watengenezaji wengi wa magari, hautumii kabisa herufi I, O wala Q, hasa kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Kwa hiyo namba yenye O haiwezi kuwa ya gari lolote la mfumo huo. Ni kosa la kuandika, na mtu wa bima anayeshughulika na magari kila siku alipaswa kuliona.

Tuliandika hivyo. Walijibu kwamba wanaelewa lakini wanahitaji taarifa iliyosahihishwa. Kurudi kituoni, kumpata ofisa aliyeandika, kupata mhuri mpya: siku 11. Nambari hii iangaliwe pale pale dirishani, kadi ya usajili ikiwa mkononi, kabla hujaondoka kituoni. Hakuna dakika mbili katika dai zima zenye thamani kuliko hizo.

## Ofa

Siku ya 51 dai lilikubaliwa, na ofa ikaja: 74. Bahasha moja ilikuwa na barua ya ofa pamoja na hati ya kukiri kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho. Mteja alikuwa amechoka kupanda usafiri na watoto alfajiri. Alikuwa na kalamu mkononi aliponipigia.

Kwanza nilimvunja moyo kidogo, kwa kuwa alidhani anastahili 100. Kiasi kilichokatiwa bima ni dari. Isipokuwa mkataba umetaja thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, kampuni hulipa thamani ya sokoni ya gari kama lilivyokuwa dakika chache kabla ya kuibwa, kwa sababu fidia ni kumrudisha mtu alipokuwa, asipate faida wala asibaki na pengo. Gari lake lilikuwa limechakaa kwa muda wa mkataba kama magari yote.

Lakini 74 nayo haikuwa kweli. Tuliomba ripoti ya mtathmini, na ukurasa wa kwanza tu ulijieleza: walikuwa wametathmini toleo la injini ndogo, lisilo na vifaa ambavyo gari la mteja lilikuwa navyo. Tulikusanya matangazo sita ya magari yanayouzwa, ya mwaka ule ule, toleo lile lile, kilometa zisizopishana sana na 107,400. Wastani ulikuwa 90. Tukaambatanisha stakabadhi ya matairi manne mapya na ya kazi ya giaboksi. Tulikiri pia kwenye barua kwamba bei ya tangazo si bei ya kuuzia, watu hupatana. Ningeshauri mtu yeyote akiri hivyo, maana mtathmini analijua tayari, na ukilisema mwenyewe anakuamini katika mengine.

Tuliomba walipe 74 zisizo na ubishi wakati tofauti inajadiliwa. Walikataa. Tukaandika kwamba tutapeleka malalamiko kwanza kwenye kitengo chao cha malalamiko, kisha kwa mamlaka inayosimamia bima. Siku ya 62 ofa mpya ikaja: 85.

## Matokeo

Mteja alikubali 85. Zikakatwa 4, ambazo ni sehemu ya hasara anayobeba mwenye bima mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Katika 81 zilizobaki, benki ililipwa kwanza 58. Yeye alipokea 23, siku ya 70.

Nilikuwa nimemwonyesha hesabu hii mapema, na hata hivyo alinyamaza muda mrefu alipoiona kwenye akaunti. Ofa ya kwanza ingemwachia 12.

Wiki tano baada ya malipo, polisi walimpigia: gari limepatikana, halina magurudumu, viti vya mbele wala redio. Alitaka kwenda kulichukua. Nilimzuia. Baada ya kulipa fidia kamili, kampuni ndiyo yenye haki juu ya gari na juu ya chochote kitakachodaiwa kwa mwizi. Kuligusa kungemletea matatizo mapya. Aliijulisha kampuni kwa maandishi siku ile ile na kuomba kitu kimoja tu, vitu binafsi vya watoto kama bado vimo.

## Kilichofaulu na kilichoshindikana

Nikipima uzito, barua ya masahihisho ndiyo iliyobeba dai. Ilifika kabla ya mahojiano, na kwa sababu hiyo mchunguzi alikuja na maswali badala ya mitego. Matangazo sita yalileta 11 zaidi, lakini yalipata nafasi ya kusomwa kwa kuwa mwombaji alikuwa ameshaaminika.

Simu ya kwanza ilishindikana, na ingeweza kutoshindikana. Siku ya wizi inatosha kusema gari limeibwa, lini, wapi kwa anwani kamili, na namba ya taarifa ya polisi. Mengine yasubiri karatasi. "Nitaangalia stakabadhi kisha nitawaandikia" ni jibu kamili.

Kosa langu ni hili. Nilipopewa mkataba siku ya 12, nilisoma sehemu ya wizi na masharti ya funguo, nikaufunga. Siku ya 40, nikitafuta kitu kingine, nilikuta kifungu kinachompa mwenye bima gharama za usafiri mbadala kwa siku 14 gari likiibwa, kwa kuonyesha stakabadhi. Mteja alikuwa ametumia fedha zake tangu siku ya kwanza, na stakabadhi nyingi alikuwa amezitupa. Alirudishiwa siku 9. Tano zilipotea kwa sababu sikusoma kurasa zote jioni ile.

Kampuni nayo ilikijua kifungu hicho, na katika barua zake zote haikukitaja. Kampuni za bima hupenda kuwakumbusha wateja juu ya nia njema kamili, ule wajibu wa kusema yote unayoyajua. Wanaoutaja wajibu huo mara nyingi huurudisha kwenye hukumu ya Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Jaji yule alisema wajibu unazibana pande zote mbili, na kesi yenyewe alishinda mwenye bima. Tuliliandika hilo kwenye barua ya kudai zile siku tano. Jibu lililokuja lilikuwa la sentensi mbili, kwamba bila stakabadhi hakuna malipo, na kwamba faili limefungwa.